Afya ya Jamaa: Mlinzi Asiyengoja Tarumbeta

Ndugu wasomaji, juma hili nimeiweka kando ile habari ya lishe ya watoto niliyoiahidi, kwa sababu ya barua tuliyoletewa na mama mmoja akaaye katika nyumba za askari. Mumewe, sajenti mstaafu, aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume miaka mitatu iliyopita. Alipoanza kudungwa sindano za kupunguza homoni alipata nafuu kubwa, hata akarudi kupalilia bustani yake kwa mkono wake mwenyewe. Sasa maumivu ya mifupa yamerejea, na kipimo cha damu kinazidi kupanda. Ndugu za mume wanasema kwamba mke hampeleki mzee kudungwa sindano kwa wakati. Wengine wanadai mzee amerogwa, nao wanataka kumwondoa hospitalini. Mama anauliza: “Mimi sikukosa hata tarehe moja. Yawezekanaje dawa iliyomfaa jana imkatae leo?”

Mama, hukukosa. Ila jibu lake ni refu kidogo, na ningependa shemeji zako nao walisome.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, nacho hukua kwa kuchochewa na homoni ya kiume iitwayo testosteroni. Homoni hiyo hutengenezwa hasa katika korodani, na kiasi kidogo hutokana na tezi zilizo juu ya figo. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na wenzake walionyesha kwamba saratani ya tezi dume hunywea mgonjwa anapoondolewa korodani au anapopewa dawa ya kuipinga homoni hiyo. Huggins alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na hata leo matibabu ya ugonjwa uliokwisha kuenea mwilini yanasimama juu ya msingi ule ule, yaani saratani inyimwe homoni. Najua wanaume wengi huyaogopa matibabu haya kuliko wanavyouogopa ugonjwa wenyewe, lakini hilo tutalizungumza siku nyingine.

Homoni peke yake haina nguvu. Ndani ya kila chembe ya tezi dume mna protini ambayo kazi yake ni kuipokea. Tuifananishe na mlinzi wa lango la kambi, ambaye hana ruhusa ya kufungua mpaka tarumbeta ilie. Homoni ndiyo tarumbeta. Ikilia, mlinzi hufungua, na chembe hukua na kugawanyika. Sindano anazodungwa mzee wetu huinyamazisha tarumbeta. Basi inakuwaje lango lifunguke ilhali kambi nzima iko kimya?

Hapa hatuna budi kutazama jinsi amri za mlinzi zinavyoandikwa. Kila protini hutengenezwa kwa kufuata maandishi yaliyomo katika jeni. Zamani wataalamu walidhani kwamba maandishi hayo husomwa moja kwa moja tangu mwanzo hata mwisho. Mwaka 1977 makundi mawili ya watafiti nchini Marekani, moja la Phillip Sharp na jingine la Richard Roberts, yaligundua kwamba sivyo. Maandishi ya jeni yamekatikakatika: baina ya vipande vyenye maneno ya kutengenezea protini mna vipande vingine, mara nyingi virefu zaidi, visivyotakiwa kwa kazi hiyo. Chembe huyanakili yote, kisha huikata nakala, ikatupa yasiyotakiwa na kuyaunga yaliyobaki, kama fundi cherehani aungavyo mapande ya kitambaa. Mabwana hao wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Tena fundi huyu hana mkato mmoja tu. Kutokana na jeni ile ile aweza kubakiza kipande hiki safari hii na kukiacha safari nyingine, na kila mshono ukatoa protini tofauti. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini, na karibu zote zenye vipande vingi hukatwa kwa zaidi ya namna moja. Huo si ugonjwa, la hasha. Ni mojawapo ya sababu zinazouwezesha ubongo na moyo, vyenye jeni zile zile, kufanya kazi zisizofanana. Madhara huja pale saratani inapofaidika na mkato usiofaa.

Turudi langoni. Jeni ya mlinzi wetu ina vipande vinane vyenye maneno. Vitatu vya kwanza ndivyo hasa vyenye uwezo wa kufungua lango. Vya mwisho ndivyo vyenye sikio la kusikilizia tarumbeta. Amri kamili ni kama kusema: “Fungua lango, lakini ukisikia tarumbeta tu.” Katika baadhi ya chembe za saratani, baada ya kipande cha tatu fundi hubakiza kipande ambacho kwa kawaida hutupwa, na ndani ya kipande hicho mna alama ya kukomesha usomaji, mithili ya nukta. Amri inabaki: “Fungua lango.” Mlinzi huyu mfupi, ambaye wataalamu humwita AR-V7, hana sikio. Hangoji tarumbeta, wala kuinyamazisha hakumhusu.

Mwaka 2014 madaktari wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, walitangaza matokeo ya wagonjwa 62 waliopewa abirateroni au enzalutamidi, dawa mpya zaidi na zenye nguvu za njia hii ya homoni. Wagonjwa 18 walikutwa na nakala ya AR-V7 katika chembe za saratani zilizomo damuni. Miongoni mwa hao 18 hapakuwa na hata mmoja ambaye kipimo chake cha damu kilishuka kwa nusu. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba dawa za jamii ya dosetakseli, zinazoishambulia chembe inapogawanyika, ziliwasaidia baadhi ya wenye AR-V7. Kwa hiyo njia moja ikifungwa, si zote zilizofungwa.

Sisemi kwamba mzee wetu ana AR-V7. Kipimo chake hakipatikani katika kila hospitali, na saratani ina hila nyingine pia, kama vile kuzidisha idadi ya jeni ya mlinzi ili isikie hata mlio hafifu. Lakini hila zote hizo hutendeka ndani ya chembe za saratani. Haziletwi na mke aliyechelewesha sindano asiyoichelewesha, wala na jirani mwenye kijicho.

Mama, mrudishe mzee kliniki mapema, ukachukue na kadi yenye tarehe zote za sindano. Waonyeshe na shemeji zako. Msiache sindano kwa uamuzi wenu, kwani mara nyingi madaktari huziendeleza hata wanapoongeza dawa nyingine. Na iwapo miguu yake itaanza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukafunga ghafula, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, maana huenda uti wa mgongo unabanwa, na kuchelewa kwaweza kumfanya asitembee tena.

Umeuliza pia kuhusu wana wako wawili. Mkato wa AR-V7 hawakuurithi; hutokea ndani ya saratani yenyewe. Lakini mwanamume ambaye baba yake amepata saratani ya tezi dume yumo katika hatari kubwa kuliko wengine. Huyo mkubwa mwenye miaka 43 amweleze daktari wake habari za baba yake, wapatane lini aanze kupimwa damu. Mdogo bado ana muda, ila naye ajue.