Kaka, Hujauziwa Spika Feki. Umeziua Mwenyewe!

Wadau, leo sitaji jina la mtu. Anayejijua atajijua.

Kuna kaka mmoja hapa Kyela mjini, ana wafuasi kibao. Juzi kaposti picha ya spika zake za sebuleni, eti fundi kamuuzia feki, hazijamaliza hata mwezi. Mkashea fasta. Leo siku ya tatu fundi wa watu anakaa kibandani peke yake, mzee wa watu anayelisha familia kwa bisibisi na risasi ya kuchomelea. Sasa mimi ile sherehe ya Jumamosi nilikuwepo, na naongea.

Zile spika zimeandikwa omu 8, wati 100 kila moja. Amplifaya aliyofunga ni kile kiboksi cha taa taa, mbele kimeandikwa wati 3000 PMPO. Elfu tatu! Nikakigeuza mgongoni, pale waya wa umeme unapoingia: 230V, 60W. Yaani kinavuta wati 60 tu ukutani. Hizo nyingine kinazitoa wapi, Ziwa Nyasa? Kikijitahidi sana, kila spika inapata kama wati 20 za kweli, zile zinazoandikwa RMS. PMPO ni namba ya kuuzia boksi, basi.

Najua mtakuja na lenu: "amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa." Nani kawadanganya? Saa nne usiku jamaa alizungusha sauti mpaka mwisho, na kitufe cha trebo nacho mwisho. Kiboksi kikizidiwa hakinyamazi. Mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa, yanakuwa bapa, ndo ule mkwaruzo tuliousikia wote tukajifanya mziki mnene. Mkwaruzo ule umejaa sauti nyembamba, na sauti nyembamba zote zinakimbilia twita, kile kispika kidogo cha juu. Koili yake ni nyembamba kama unywele. Ikachemka, ikakatika.

Angalieni picha yake mwenyewe vizuri. Spika za besi nzima, twita zote mbili zimekufa. Feki gani hiyo inachagua twita tu, usiku mmoja, kushoto na kulia?

Na fundi alimwambia! Nilisikia kwa masikio yangu siku anazinunua: tafuta amplifaya ya wati 80 mpaka 120 RMS kwa omu 8, halafu ikianza kukwaruza punguza. Akacheka, akasema mzee unataka kuniuzia mashine ya ukumbini. Sebule yenyewe ukikaa kawaida unatumia wati chache tu, zinazobaki ni akiba ya pale ngoma inapogonga. Tena ukitoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, sauti haiwi mara mbili. Kwa hiyo anayekimbilia namba kubwa kwenye boksi anaibiwa hela yake ya mpunga mchana kweupe.

Ile posti bado ipo, nimeiona asubuhi hii, laiki zinapanda. Kaka, ifute. Halafu uandike ulichofanya, palepale ulipomchafulia mzee wa watu jina, na twita umpelekee yeye azifunge. Nenda mchana, watu wakuone.