Askari na Sauti za Ndege Inayotua

Mtoto aliyelelewa Rumonge hahitaji kufundishwa sauti ya mtumbwi wa injini. Usiku, wavuvi wa ndagala wakiwa mbali na taa zao zikimulika majini, yeye aliye nchi kavu husikia mngurumo tu, akajua kama chombo kinakwenda au kinarudi, na kama injini ni nzima au ina ugonjwa. Masikio hayo hakuyapata darasani. Aliyapata kwa kuishi ufukweni.

Lakini mwana huyo huyo wa ziwa, akivaa magwanda na kupandishwa ndege, masikio yake humtia hofu badala ya kumwongoza. Wahenga walinena: usilolijua ni usiku wa giza. Tangu Desemba 2007, askari wa Burundi walipoanza kupelekwa Somalia chini ya Umoja wa Afrika, maelfu ya vijana wetu wamesafiri kwa ndege, na wengi wao hawakuwa wamepanda chombo hicho kabla ya hapo.

Naikumbuka safari moja ya kurejea nyumbani. Magurudumu yalikuwa yamekwisha gusa ardhi ya Bujumbura, ndege ingali katika mwendo mkali, injini zikanguruma ghafla. Kijana mmoja, mzaliwa wa pwani ya Rumonge, alifungua mkanda akasimama. Sajini aliyekaa kando yake alimvuta akamketisha. Wengine wawili watatu walikuwa wamekwisha shika mikanda yao wapate kumfuata. Kijana yule hakuwa mwoga. Mapigano alikuwa ameyaona. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa wake. Tulimhesabu, tukampima mzigo, tukampandisha, wala hatukumwambia atasikia nini.

Basi, ndugu zangu askari na polisi, na tuzitaje sauti hizo kwa utaratibu wake. Ndege inaposhuka, masikio huziba kwa kuwa hewa ya ndani huongezewa nguvu polepole. Kumeza mate hutosha kuyazibua. Kisha husikika mlio mwembamba wa mitambo: ni vibao vya mabawa vinavyotolewa ili ndege iweze kupunguza mwendo bila kuishiwa nguvu ya kuelea. Baadaye huja kishindo chini ya miguu pamoja na mvumo wa upepo. Milango ya tumbo la ndege imefunguka, na magurudumu yanashuka na kujifunga imara. Injini nazo hupaza sauti na kuishusha, kwa kuwa rubani anasawazisha mwendo.

Uwanja wa Bujumbura uko karibu na ncha ya kaskazini ya Tanganyika, kiasi cha mita 780 juu ya usawa wa bahari. Ndege iingiayo kutoka kusini hupita juu ya maji hadi karibu na kutua, na abiria asiyeona ila ziwa dirishani hudhani anatumbukizwa. Magurudumu yakigusa, vibao vingine huinuka juu ya mabawa, kisha injini hunguruma kwa nguvu. Hiyo ndiyo sauti iliyomwinua kijana wetu. Upepo wa injini umegeuzwa kuelekea mbele ili kusaidia breki. Ndani ya Airbus A320 husikika pia, ndege inapotembea ardhini, sauti kama ya mbwa anayebweka chini ya sakafu. Ni pampu inayosawazisha nguvu za mitambo. Na pengine rubani, akiwa karibu kutua, huzidisha nguvu na kupaa tena. Hiyo ni hatua ya usalama: ameona heri azunguke na kuanza upya.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni kazi ya rubani, na abiria wajibu wake ni kunyamaza. Hapo mimi sikubali. Tarehe 8 Januari 1989, ndege ya Boeing 737 ilitoka London kwenda Belfast. Injini ya kushoto iliharibika kwa kishindo na mtikisiko. Marubani, kwa kukosea, waliizima ya kulia, na nahodha akawatangazia abiria kwamba hitilafu ilikuwa kulia. Baadhi ya watu waliokaa nyuma walikuwa wameona moto upande wa kushoto, wakashangaa, lakini hakuna aliyepeleka habari kwa marubani. Ndege ilianguka karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza. Kati ya watu 126 waliokuwamo, 47 walikufa.

Ndiyo maana nasema kuzijua sauti za kawaida kuna faida mbili. Kwanza, kunatuliza moyo, na mkanda haufunguliwi kabla ya ndege kusimama. Pili, kunamwezesha mtu kuitambua ile isiyo ya kawaida na kumwarifu mhudumu mara moja, kwa sauti tulivu, kama mlinzi anavyotoa taarifa: nimeona nini, upande gani, lini.

Nawaomba makamanda, kabla ya kikosi kupanda ndege, watenge dakika kumi za kueleza mambo haya. Aliyekwisha kusafiri na akae kando ya mgeni wa safari. Dakika kumi hizo hazitaipunguzia hazina hata faranga moja, nazo zingalitosha kumwacha kijana wa Rumonge kitini mwake.