Aliyepooza huenda anasikia

Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walieleza habari za mwanamke wa miaka 58, ambaye kiharusi kilichopiga shina la ubongo kilikuwa kimemnyima usemi na viungo kwa karibu miaka 15. Kidude cha milimita 4 chenye elektrodi 96 kilipandikizwa ubongoni mwake. Alipowaza kusogeza mkono, kompyuta ilisoma ishara za neva ikauendesha mkono wa roboti, naye akajinywea kahawa.

Hata huko kwao chombo hicho kingali cha majaribio, kwa hivyo tusikingoje. Kilichonigusa mimi si roboti. Ni kwamba miaka yote hiyo akili yake ilikuwa timamu.

Huku kwetu nimewasikia jamaa wakipanga mazishi kando ya kitanda cha mgonjwa, macho yake yakiwafuata! Kabla ya kuamua kwamba haelewi, mwambieni ainue macho juu kwa ndiyo, apepese kwa la. Akijibu, andikeni alfabeti kwenye kadibodi, mpitishe kidole polepole hadi aonyeshe herufi aitakayo. Ni kazi ya kuchosha, lakini atasema.

Nawe unayemuuguza, presha yako ilipimwa lini?