Ufunguo Uliopotea: Ni Nani Alipe?



Mama mmoja wa hapa Bombolulu ametuletea mas'ala yanayohusu nyumba nyingi. Mumewe alimtuma awapeleke watoto chuoni kwa gari lake, kisha apitie soko la Kongowea kununua vitu vya nyumbani. Huko sokoni ufunguo ukapotea, nao ulikuwa mmoja tu. Fundi alitaja bei kwa simu, wakapatana. Alipokwisha kufungua mlango akataja nyingine, karibu mara mbili. Mume alilipa, na sasa anamdai mkewe. Je, deni hilo ni haki?

Kwanza tufahamu gharama hiyo yatoka wapi. Ufunguo wa magari ya zamani ulikuwa chuma kilichochongwa, basi. Wa magari mengi ya sasa una chipu ndogo ndani ya kishikio, na kompyuta ya gari isipoitambua chipu hiyo, injini haiwaki hata kama chuma kimeingia sawasawa. Kwa hivyo fundi huchonga, kisha kwa mashine maalumu huijulisha kompyuta chipu mpya. Ukibakiwa na ufunguo mmoja unaofanya kazi, kwa kawaida huwa rahisi. Zikipotea zote, pengine hulazimika kuitoa kompyuta yenyewe, na hapo gharama hupanda.

Ama mama yetu, aliyetumwa na mwenye mali kwa haja ya mwenye mali ni wakili, na mkono wa wakili ni mkono wa amana. Hadhamini kilichopotea ila akizembea, kama kuuacha ufunguo juu ya meza ya muuza mboga akaenda zake. Lau angeliazima gari kwa haja yake mwenyewe, hukumu ingalikuwa nyingine, kwani katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i mwenye kuazima hudhamini. Hapa, maadamu hakuzembea, hadaiwi hata senti.

Ama fundi, bei iliyokubaliwa ni mapatano. Kumwongezea mtu aliyekwama juani na watoto ni kuitumia dhiki yake. Akigundua kazi zaidi, na aseme kabla ya kuigusa, ili mwenye gari akubali au akatae. Na pasipotajwa bei kabisa, hurejewa ujira wa mfano, yaani wanaotoza mafundi wenzake kwa kazi kama hiyo.

Fundi huyu pia ana amana kubwa: aweza kumtengenezea ufunguo mwizi. Asione uzito kuuliza hati ya gari na kitambulisho, wala mwenye gari asikasirike akiulizwa. Mwaka wa 8 Hijria, Makka ilipofunguliwa, Mtume (s.a.w.) aliurudisha ufunguo wa Al-Kaaba kwa Uthman bin Talha. Wafasiri hukitaja kisa hicho penye aya ya 58 ya Surat An-Nisaa, iamrishayo amana zirudishwe kwa wenyewe. Ukoo wake, Bani Shayba, unaushika hadi leo.

Enyi akina baba, usipoziba ufa utajenga ukuta: tengenezeni ufunguo wa pili wakati wa kwanza ungali mkononi, mkampe mama wa nyumba auweke. Na ukipotea mmoja, mwambieni fundi aufute katika kompyuta ya gari, ili atakayeuokota asiweze kuwasha injini.

Wallahu a'lam.