Pikipiki na Baridi ya Alfajiri



Juma lililopita tuliamkia Chwele, chini ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kimefika mita 4,321. Sisi watu wa pwani, ambao baridi yetu ni ya upepo wa kusi tu, tulitoka baada ya sala ya alfajiri tumejitanda mashuka. Mjukuu wa mwenyeji wetu alikuwa na homa kali, na kijana wa nyumba akaiendea pikipiki ili ampeleke hospitali. Akabonyeza stata, ikakohoa. Akapiga kiki huku akivuta mafuta, kimya. Mwisho betri ikaisha nguvu, na mtoto akapakiwa kwenye pikipiki ya jirani. Alhamdulillahi, amepona. Lakini tuliona haya: watu wazima tumesimama pale, wala hakuna ajuaye la kufanya. Ndipo tukamwendea fundi, akatufunza.

Kinachowaka katika injini si petroli ya majimaji, bali mvuke wake uliochanganyika na hewa. Asubuhi ya baridi mvuke huo huwa haba. Oili nayo huwa nzito, na betri hupungua nguvu. Kwa hiyo pikipiki ya kabureta imewekewa choki, ambayo hupunguza hewa ili petroli izidi. Vuta choki, usiguse mafuta, kisha piga kiki badala ya kuichosha betri. Ikishawaka, iache ingurume dakika moja au mbili, halafu irudishe choki. Ukiisahau, moshi utakuwa mweusi na plagi itashika masizi.

Ikikataa, usishindane nayo. Fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki: angalia koki ya tangi. Ikiwa imelowa, petroli imezidi au cheche ni dhaifu: ifute, ikaushe, uirudishe, kisha jaribu bila choki. Kijana wetu alikuwa ameilowesha kwa kuvuta mafuta ovyo.

Tena, msiiwashe pikipiki ndani ya chumba kilichofungwa kwa kukimbia baridi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Chombo cha nyumba ni amana. Tukijaribu jioni, kabla ya haja kutufika, si kwa ajili ya chombo. Ni kwa ajili ya mgonjwa atakayekihitaji alfajiri. Tahadhari kabla ya athari.

Wabillahi tawfiq.