Ticha wa Gitaa Hashibi "Pole"

Hebu tuambiane ukweli. Umemwita ticha wa gitaa aje kwenu Lavington Jumamosi saa nne asubuhi. Anatoka Kabiro kwa miguu, gitaa mgongoni, ndiyo aokoe nauli. Akifika getini, simu inalia: "Ticha, pole, leo sitaweza." Wewe unarudi kulala. Yeye saa nne yake imekufa, maana hakuna mwanafunzi mwingine atakayemwita ghafla hivyo.

Mimi chuo niliacha, lakini hesabu hii naielewa. Ukilipa nauli ya 46 hadi Kawangware kisha ushuke Valley Arcade, konda hakurudishii pesa. Kiti kilikuwa chako.

Basi tupatane. Ukimwambia ticha siku moja kabla, huna deni. Ukighairi asubuhi ya somo, tuma nusu kwa M-Pesa bila kungoja kukumbushwa. Ugonjwa au msiba? Hapo utu kwanza. Na ticha naye akikuhepa, akufundishe siku nyingine bure. Haya yote myaongee siku ya kwanza, siyo getini.

Pole ni neno zuri, lakini mwenye nyumba halipokei mwisho wa mwezi.