Motere ikikataa kuzunguka

Kamioneti inayotuletea unga ilisimama njiani, motere haizunguki. Tuliisukuma mpaka tukachoka. Leo tunasema: tulikosa. Motere iliyokamatana, ukiilazimisha, inaweza kuvunjika kabisa.

Mbele ya kusukuma, tupime mafuta na maji. Tutoe mkanda: pengine dinamo njo imekwama, motere iko mzima. Tutoe mabuji, tuzungushe kwa ufunguo, polepole. Kama maji iliingia katika silinda, itatoka. Kama ni kutu, tumimine mafuta, tungoje hata siku mbili. Lakini kama mafuta iliisha njiani, tusidanganyane: ni kuifungua tu.

Tusimlaumu shofere peke yake. Sisi pia tulipanda kila juma, na hakuna aliyeuliza: mafuta imepimwa? Kupima ni bure. Kukosa motere ni kukosa unga.